Diski ya Pili

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni. Wiki nzima nimeshinda kwenye makongamano nikiandika nani kafungua nini na nani kamshukuru nani, na nafsi imechoka. Nataka kuzungumzia jambo lililonikaa rohoni tangu nikiwa darasa la tano: gemu ambazo haziishii kwenye CD moja.

Kwa waliokulia kwenye mabanda ya gemu huenda jambo hili likawa geni. Bandani ulilipia dakika zako, ukacheza mpira au ngumi, muda ukiisha unampisha mwenzio. Nani angekaa pale kufuatilia hadithi ya saa 40? Bahati yangu mimi ilikuwa kaka yangu mmoja, mtoto wa baba mkubwa, aliyejipatia PlayStation ya mtumba, ile ya kijivu ya kwanza. Mwaka ulikuwa 2008, wenzetu duniani wako na PlayStation 3. Yetu ilikuwa imechoka kiasi kwamba mpaka uigeuze miguu juu ndipo isome. Ilikuwa imefungwa chipu ya kuikubalisha CD za kunakili, na CD zenyewe tulinunua Kariakoo, zimo kwenye mfuko wa nailoni, hazina kasha, jina limeandikwa kwa kalamu nene.

Moja iliandikwa "FF7 - 1". Ilikuwa Final Fantasy VII. Hatukujiuliza hiyo 1 ni ya nini.

Likizo nzima tulicheza gemu ile. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, kamusi ipo pembeni ya pedi. Tulimfuata Cloud, kijana mwenye upanga mkubwa kuliko mwili wake, kutoka jiji la Midgar lenye moshi hadi nje kwenye ramani ya dunia, ambayo ilipofunguka mara ya kwanza kaka aliacha kutafuna muhogo. Tulimpenda Aeris, binti muuza maua (toleo la Kiingereza la 1997 liliandika hivyo, baadaye wakasahihisha kuwa Aerith). Tulimnunulia silaha nzuri. Tulimpandisha viwango.

Halafu wakamuua. Gemu ina zaidi ya miaka 25, sitaomba radhi kwa kuwasimulia. Upanga unatoka juu, binti anaanguka, unapigana vita huku muziki wake unalia, anazikwa majini. Dakika chache baadaye kioo kikatuambia tuweke diski ya 2.

Hatukuwa nayo. Kaka akasema tusizime, kesho asubuhi ataifuata. Tukaacha TV imezimwa na PlayStation inawaka, kama mgonjwa aliyelazwa. Usiku umeme ukakatika.

Muuzaji alitupatia CD nyingine, imeandikwa "FF7 - 2". Tulirudia sehemu yote ya mwisho, Aeris akafa mara ya pili mbele yetu, tukaweka CD mpya. Mashine ikakataa. Ikaendelea kudai diski ya 2. Tukaifuta kwa fulana, tukaipaka dawa ya meno, wapi. Ni siku kadhaa baadaye, tulipoiwasha peke yake, ndipo tukagundua kuwa ni ileile ya kwanza iliyonakiliwa tena. Tuliporudi, yule bwana alikuwa ameshahamisha meza yake. Kaka akaenda chuo na mashine yake, na mimi nikabaki na imani moja: kwamba nusu ya dunia ile ilikuwa ndani ya CD ambayo sikuwahi kuishika. Milima ya theluji, bahari, miji mingine, vyote viko huko kwenye diski ya 2.

Imani hiyo ilikuwa ya uongo, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya CD, gemu za nyumbani zilikuja kwenye kaseti za plastiki zenye chipu ndani. Final Fantasy VI ya mwaka 1994, kwenye Super Nintendo, ilikuwa na megabaiti 3 tu. Tatu! Picha moja ya simu yako leo inaweza kuzidi hapo. CD kwa upande wake ilibeba takriban 650, na kuichapa kulikuwa rahisi na kwa bei ndogo, wakati kaseti iligharimu fedha nyingi na kuagizwa mapema.

Nintendo nao walikuwa wameonja habari ya CD. Walikuwa na makubaliano na Sony watengeneze mashine pamoja, lakini Juni 1991 kwenye maonyesho ya Chicago, siku moja tu baada ya Sony kutangaza mashine hiyo, Nintendo walijitokeza na kusema watafanya kazi na Philips. Fikiria umetangaza harusi, kesho yake mchumba anatangaza ya kwake na mwingine. Sony wakaenda njia yao, na Desemba 1994 PlayStation ikaingia sokoni Japani. Nintendo walipoleta Nintendo 64 mwaka 1996 walibaki na kaseti. Kampuni ya Square, wenye Final Fantasy, walikuwa wameshahama mapema mwaka huo. Januari 1997 Final Fantasy VII ikatoka kwa ajili ya PlayStation, CD 3.

Kwa nini 3? Jibu ambalo wengi wetu tungetoa ni kwamba gemu ilikuwa kubwa. Ni jibu la nusu. Fanya hesabu nami. PlayStation ilisoma CD kwa kasi ya takriban kilobaiti 300 kwa sekunde. Video inayojaza kasi hiyo yote inakula megabaiti 18 kwa dakika. Kwa hiyo CD nzima, hata usipoweka kitu kingine chochote, inaishia kwenye dakika 36 hivi za sinema. Kaseti kubwa kabisa za Nintendo 64 zilikuwa na megabaiti 64, yaani kwa video ya aina hiyo usingefikisha hata dakika 4. Square walitaka sinema: treni ikiingia Midgar, meli ikipaa, Aeris akianguka. Ndizo zilizojaza nafasi. Vijiji, ramani, maadui, silaha, mazungumzo yote, vilichukua sehemu ndogo kwa kulinganisha.

Sasa jiulize. Ukifika diski ya 2 unapata ndege, unaruka popote duniani na kutua kwenye mji wowote uliowahi kupita. Kama miji ya mwanzo ingekuwa kwenye diski ya 1 peke yake, ungelazimika kubadilisha CD kila unapokwenda kununua dawa. Hakuna mteja angevumilia. Wakachagua njia nyingine: dunia nzima wakaiweka kwenye kila diski, mara 3, na kilichogawanywa hasa kikawa ni sinema.

Niliambiwa hivyo nikiwa chuo, mwaka 2019, na sikuamini. Jamaa wa chumba cha jirani alikuwa na CD 3 halisi alizoachiwa na mjomba wake. Tukaziweka kwenye kompyuta moja baada ya nyingine na kufungua folda. FIELD, BATTLE, WORLD, MENU. Diski ya 1 ilikuwa nazo. Diski ya 2 pia, na ya 3 pia, na uzito wake karibu uleule. Folda iliyobadilika waziwazi ni moja, inaitwa MOVIE.

Nilikaa pale nimeinamia kompyuta. Ile theluji niliyoikosa ilikuwa mkononi mwangu mwaka 2008, ndani ya CD ya Kariakoo, na nilikuwa nayo nakala mbili. Kilichonizuia ni ukaguzi mdogo tu. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya mashine ile ilikuwa megabaiti 2, na humo ndimo programu inakaa ikisubiri ufungue kifuniko, ubadilishe, ufunge. Kisha inasoma alama ya diski na kuuliza swali moja: wewe ni namba ngapi?

Nilimpigia kaka. Akanyamaza, halafu akaniuliza, "Kwa hiyo dogo, yule jamaa hakutuibia?"

"Alituibia, kaka. Ila alituibia sinema tu."

Si gemu zote zilikuwa hivyo, na hapa ndipo historia hii inanoga. Riven, iliyotoka 1997 kwa CD 5, iligawanywa kwa visiwa. Ukihama kisiwa, unabadilisha diski. Huko ukikosa CD moja kweli umekosa kipande cha ardhi. Resident Evil 2 ya 1998 ilikuwa na CD 2, moja ya Leon na nyingine ya Claire, usiku uleule wa balaa kwa macho ya watu wawili. Mwaka 1999 mafundi wakaibana gemu hiyo yote ikaingia kwenye kaseti moja ya Nintendo 64 ya megabaiti 64, sinema zikiwa zimekamuliwa mpaka zikafubaa. Mpaka leo naihesabu kazi ile kuwa miongoni mwa maajabu.

Xenogears, ya Square pia, mwaka 1998, ni kisa cha kusikitisha. Diski ya 1 ni gemu kamili. Ukiweka ya 2, wahusika wanaketi kwenye viti na kukusimulia kilichotokea, ukurasa baada ya ukurasa, na kucheza kwenyewe ni kwa vipande. Nafasi kwenye CD haikuwa tatizo. Waliishiwa muda, na kiongozi wa mradi, Tetsuya Takahashi, alikuja kueleza kuwa ilikuwa afadhali hivyo kuliko kuikatisha hadithi mwisho wa diski ya 1. Namwelewa. Nimewahi kuandika habari ambayo aya 5 za kwanza ni uchunguzi na zilizobaki ni "aidha, aliongeza kuwa".

Na Metal Gear Solid ya 1998, CD 2. Kuna mahali unaambiwa namba ya redio ya binti aitwaye Meryl iko nyuma ya kasha la CD. Ya gemu halisi, siyo ya ndani ya hadithi! Sisi wa mifuko ya nailoni tulizungusha namba moja moja mpaka 140.15. Muundaji wake, Hideo Kojima, hakuisahau enzi ile: katika sehemu ya 4, mwaka 2008, mhusika mmoja anamwambia mwenzake abadilishe diski, kisha anakumbushwa kuwa sasa ni Blu-ray, hakuna cha kubadilisha.

DVD ilikuja kuwapumzisha watu. Final Fantasy VIII na IX zilikuwa na CD 4 kila moja. Ya X, mwaka 2001, DVD moja. Lakini shida haikufa, ilihama nyumba. GameCube ilitumia diski ndogo za gigabaiti 1.5, na Resident Evil 4 ya 2005 ikahitaji 2. Xbox 360 ilibaki na DVD wakati PlayStation 3 ina Blu-ray ya hadi gigabaiti 50, hivyo Lost Odyssey ikaja na DVD 4, na Final Fantasy XIII, mwaka 2010, ikawa DVD 3 huku na Blu-ray moja kule. Gemu moja, wiki moja, rafu moja dukani. Sinema tena.

Siku hizi diski 2 zina maana nyingine kabisa. Red Dead Redemption 2 ya 2018 kwenye PlayStation 4 ilikuwa na moja ya kupakia data, moja ya kuchezea. Unaweka ya kwanza mara moja, unairudisha kwenye kasha, basi. Hakuna anayekuja kukusimamisha katikati ya msiba kukudai namba.

Au niseme, karibu hakuna. Square Enix waliamua kuitengeneza upya Final Fantasy VII kwa sehemu 3, kila sehemu gemu nzima inayojitegemea. Ya kwanza, Remake, ilitoka Aprili 2020. Ya pili, Rebirth, ikatoka Februari 29, 2024, Blu-ray 2 kwenye PlayStation 5. Mimi PlayStation 5 naiona kwa wenye nazo, lakini kaka, ambaye sasa ana watoto wawili na upara unaokuja kwa kasi, aliifuatilia YouTube kwa simu, usiku baada ya usiku, mkewe akimlalamikia mwanga.

Siku aliyomaliza alinipigia saa 7 usiku. Nilidhani kuna msiba.

"Dogo," akasema, "wameishia palepale."