Porsche 911 ya zamani: Jinsi ya kufupisha mwendo wa gia bila kuua giaboksi

Wenye Porsche 911 za zamani wana kilio kimoja: mkono wa gia unakwenda mbali, unayumba kama mwiko kwenye sufuria, na kuipata gia ya pili ni kubahatisha. Dawa wanayoikimbilia wengi ni seti ya kufupisha mwendo wa gia. Kuifunga si kazi ngumu kwa fundi mwenye subira. Ila ikifungwa kwenye gari ambalo tayari lina tatizo, inaweza kuimaliza giaboksi.

Maelezo haya yanahusu 911 zenye giaboksi ya 915, iliyotumika kuanzia modeli za 1972 hadi 1986, kabla ya G50 kuingia 1987. Ni 911 za enzi ambayo Björn Waldegård alishika nafasi ya pili kwenye Safari Rally ya 1974, nyuma ya Joginder Singh.

Seti inafanya nini?

Mkono wa gia ni kama pembea. Juu unashikwa na dereva, chini unasukuma fimbo ndefu inayopita ndani ya handaki katikati ya gari hadi kwenye giaboksi huko nyuma. Seti inahamisha sehemu ya egemeo.

Chukua mfano. Juu ya egemeo kuna sm 30, chini sm 5. Ili fimbo isogee sm 1, mkono wa dereva unasogea sm 6. Egemeo likipanda sm 1, mkono unasogea sm 4.8 tu. Mwendo umepungua kwa karibu asilimia 20, lakini nguvu ya kusukuma imeongezeka kwa karibu robo. Hakuna cha bure.

Kagua hivi kwanza

Mara nyingi kinacholegeza gia ni bushi za plastiki zilizokauka na kupasuka: zile za kiungio cha nyuma, ya kwenye handaki na kikombe cha chini ya mkono. Badilisha hizo kwanza, kisha endesha gari siku chache. Wapo wanaogundua hapo kwamba seti hawaihitaji tena.

Sikiliza pia giaboksi. Kama gia ya kwanza au ya pili inakwaruza wakati klachi iko sawa, pete za sinkronaiza zimeanza kuisha. Usifunge seti. Itakushawishi kulazimisha gia ambayo haijawa tayari kuingia.

Hatua za kufunga

1. Egesha mahali tambarare, zuia matairi, weka gia huru na uchomoe betri.

2. Toa kapeti na kifuniko cha mkono wa gia. Piga picha kila kitu kabla hujagusa boliti.

3. Fungua boliti za kitako cha mkono, kisha kinyanyue taratibu. Angalia mpangilio wa washa, springi na kizuizi cha rivasi.

4. Safisha grisi ya zamani. Funga mkono mpya na bushi mpya, tia grisi safi.

5. Rudisha kitako, uhakikishe kichwa cha chini cha mkono kimeingia sawasawa kwenye kikombe cha fimbo.

6. Nenda nyuma. Fungua kifuniko cha handaki kati ya viti vya nyuma, legeza klipu ya kiungio na upange upya mkono ukiwa gia huru, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kisha kaza.

Hatua ya sita ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoleta gia zinazochomoka zenyewe.

Jaribu kabla ya kuingia barabarani

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi na upitie gia zote tano pamoja na rivasi. Gia ikigoma, mtu asukume gari kidogo ujaribu tena. Rivasi isiingie kirahisi pale unapotafuta gia ya tano. Ikiingia, kizuizi hakijakaa vizuri.

Barabarani, anza polepole hadi oili ya giaboksi ipate joto. Gia ikichomoka au ikigoma, simama na urudie marekebisho ya kiungio.

Mkono mfupi, haraka ya nini?

Sinkronaiza ya 915 inahitaji nafasi ndogo kusawazisha kasi ya gia. Mwendo mfupi unamshawishi dereva kuchapa gia haraka. Afanye kinyume: atulie kidogo kwenye gia huru, kisha aingize kwa upole. Kubadilisha pete hizo kunalazimu giaboksi ishushwe, na kwenye 911 kwa kawaida hushuka pamoja na injini.

Jambo la mwisho: mkono wa zamani usitupwe. Ufunge kwenye mfuko na uuhifadhi. Siku ya kuuza, mnunuzi wa gari la kale huuliza vifaa vyake vya asili.