Liemba: Jina Lililotoka Majini

Sisi watu wa visiwani tumelelewa tukiamini kwamba meli ni mwana wa bahari. Iko moja, hata hivyo, iliyovuka bahari imefungwa ndani ya makasha, na umri wake wote ikautumia katika maji yasiyo chumvi ya Ziwa Tanganyika. Bandari yake ya kusini upande wetu ni Kasanga. Atokaye Sumbawanga hupita Matai, kisha huiacha baridi ya uwanda wa Ufipa na kuteremka kiasi cha mita 1,000 hadi kwenye joto la ufuko.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Ilipokamilika ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa Kijerumani waliofuatana nayo wanajulikana kwa majina: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vibarua wa Kiafrika walioyabeba makasha hayo na kuyaunganisha mabati yake ya chuma, majina yao sijayakuta katika masimulizi yoyote niliyoyasoma.

Iliposhushwa majini Februari 1915, vita vilikwisha kuanza. Iliitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa mwaka 1901 hadi 1906, yule ambaye chini ya utawala wake majeshi yalitumwa kuwazima wapiganaji wa Maji Maji. Kazi yake ikawa kuchukua askari na shehena baina ya Kigoma na Kasanga, ambayo nayo Wajerumani waliibandika jina la Bismarckburg.

Hapa msomaji wa Unguja asikilize vizuri. Meli hiyo ilifungwa mzinga mmoja wa manowari Königsberg, ile ile iliyoishambulia Pegasus katika bandari yetu alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikaizamisha. Königsberg ilipoangamia katika delta ya Rufiji mwaka 1915, mizinga yake iliopolewa, na mmoja ukafika ziwani, chini ya milima ya Ufipa. Bahari na ziwa viliunganishwa na chuma kilekile.

Juni 1916 Bismarckburg ilianguka, na askari wake wakatoroka usiku kwa vyombo vidogo. Tarehe 26 Julai Wajerumani wakaizamisha meli yao wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi, baada ya kuzipaka injini grisi nyingi zisiliwe na kutu. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya: Liemba.

Kwa mfasiri kama mimi, hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Liemba ndilo jina ambalo Livingstone aliliandika mwaka 1867, alipolifikia ziwa kwa upande wake wa kusini. Waingereza hawakulitunga, walilikuta vinywani mwa watu. Jina la gavana lilizama majini, na hakuna aliyelihitaji tena. Lililopandishwa badala yake lilikuwa la wenye ziwa.

Wala chuma hakikuwa kigeni kwa watu wa huko. Wafipa waliyeyusha chuma chao katika tanuri ndefu za udongo zilizovuta upepo zenyewe, pasipo mivukuto, wakafua majembe. Chuma cha Papenburg kiliwajia kikiwa silaha. Miaka ndiyo iliyokigeuza jembe: ikabeba abiria na mizigo hadi Mpulungu, Zambia, injini ya mvuke ikatolewa miaka ya 1970 ikatiwa ya dizeli, mwaka 1997 ikawarudisha wakimbizi wa Kongo kwao, na Mei 2015 ikawachukua Warundi waliokwama Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Chombo kilichoundwa kwa ajili ya utawala kikaishia kuwa cha mama mwenye mtoto mgongoni na furushi kichwani. Jina lake hatulijui, kama tusivyoyajua ya wale wa makasha. Walakini meli ilikuwa ikiitwa kwa neno la ziwa lao.