Siku ya Kufunguliwa: Habari ya Padri Lataste na Wafungwa wa Cadillac

Watu wengi hudhani kwamba adhabu ya mfungwa inakwisha siku mlango wa gereza unapofunguliwa. Lakini mara nyingi siku ile ndipo taabu ya pili inapoanza. Ndani alikuwa na mahali pa kulala, na kila saa aliambiwa la kufanya. Nje hana kazi, nyumba yake labda imekaliwa na wengine, na jirani wanamtazama kwa jicho la pembeni. Je, nani amtengeneze mtu huyo kabla ya siku ile kufika? Na nani ampokee? Wasomaji wapenzi, habari moja ya kale ya nchi ya Ufaransa yatufundisha jambo hili vizuri.

Gereza la wanawake

Kando ya mto Garonne, si mbali na Bordeaux, pana mji mdogo uitwao Cadillac. Katika mji huo mna jumba kubwa la fahari, lililojengwa zamani na bwana mmoja mwenye cheo kikubwa. Katika karne ya 19 serikali iligeuza jumba hilo kuwa gereza la wanawake. Mwaka wa 1864 walikuwamo wanawake karibu 400. Wengine walihukumiwa kwa wizi, wengine kwa kuwaua watoto wao wachanga.

Maisha yao yalikuwa magumu. Tangu mwaka wa 1839 magereza makubwa ya Ufaransa yalifuata amri ya kunyamaza: mfungwa hana ruhusa kusema na mwenzake, wala kazini, wala mezani, wala pa kulala. Mchana kutwa walifanya kazi za mikono. Sehemu ya malipo yao iliwekwa akiba, wapewe siku ya kutoka. Basi tusiseme kwamba wakubwa hawakuwaza lolote juu ya siku ile. Waliwaza juu ya kazi, wakawaza juu ya fedha.

Lakini kazi na fedha hazikutosha. Tangu mwaka wa 1850 kila aliyehukumiwa aliandikwa katika daftari iliyotunzwa na baraza la hukumu la pale alipozaliwa. Tena wengi waliofunguliwa walikaa chini ya ulinzi wa polisi. Waliweza kuambiwa mahali pa kukaa na mahali wasipokanyage, na aliyevunja amri hiyo alirudishwa kifungoni. Sasa fikiri juu ya mwanamke atokaye na fedha zake chache mkononi. Anapiga hodi kwa bibi fulani atafute kazi. Bibi anamwuliza, «Umetoka wapi?» Akisema kweli, anafukuzwa. Akisema uwongo, siku moja habari itajulikana, naye atafukuzwa vilevile. Fedha zikiisha, afanyeje? Hapo wengine waliiba tena, wengine wakauza mwili wao. Halafu watu wakasema, «Mnaona? Tulijua kwamba hawa hawaponi.»

Siku nne za mafungo

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1864 Padri mmoja kijana wa shirika la Wadominikani alitumwa kuwahubiria wanawake hao mafungo ya siku nne. Jina lake Jean-Joseph Lataste. Alizaliwa palepale Cadillac mwaka wa 1832. Kabla ya kuingia utawani mwaka wa 1857 alikuwa karani wa kodi, tena mtu wa chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, mwenye desturi ya kuwatembelea maskini. Alikuwa amepata upadri mwaka uliotangulia tu.

Aliingia gerezani na moyo mzito, akiwaza kwamba labda maneno yake hayatafaa kitu. Lakini neno lake la kwanza liliwashangaza: aliwaita dada zake wapenzi. Wanawake hao walikuwa wamezoea kuitwa kwa makosa yao. Kisha akawaeleza kwamba Mungu hatutazami kwa yale tuliyokuwa, bali kwa yale tuliyo sasa. Akawaonyesha tena jambo ambalo hawakuliwaza kamwe. Akasema: Ninyi mnaamka mapema, mnakula chakula duni, mnafanya kazi, mnanyamaza, watawa nao wanafanya hayohayo. Tofauti ni moja tu: wao wameyachagua kwa mapendo, ninyi mmelazimishwa. Nanyi mkiyapokea kwa mapendo, kifungo chenu kitageuka kuwa sadaka.

Mahubiri hayo yalikuwa matengenezo ya kweli. Ile miaka waliyoihesabu kuwa imepotea, sasa waliona kwamba yaweza kuwafaa. Wengi sana waliungama. Usiku walikaa kwa zamu mbele ya Sakramenti Takatifu, wakiabudu. Padri Lataste alipokuwa amepiga magoti pamoja nao, alianza kujiuliza: Wanawake hawa wakitoka, wataenda wapi? Kwa maana aliona kwamba mioyo yao iko tayari, lakini nje hakuna mlango uliofunguliwa kwa ajili yao.

Nyumba ya Betania

Mwaka wa 1865 alirudi Cadillac, akakuta kwamba matunda ya mafungo yale hayakukauka. Mwaka wa 1866 aliandika kitabu kidogo juu ya wanawake hao, akakieneza kwa wakubwa wa nchi na kwa waandishi wa magazeti, maana alijua kwamba si wafungwa peke yao wanaopaswa kutengenezwa. Watu wa nje nao wapaswa. Tarehe 14 Agosti mwaka huohuo nyumba ya kwanza ilifunguliwa Frasne-le-Château, katika jimbo la Besançon, akisaidiwa na mtawa mmoja, Mama Henri-Dominique. Akaiita Betania.

Kwa nini jina hilo? Kwa mapokeo ya siku zile, watu walisema kwamba Maria wa Betania na Maria Madalena ni mtu mmoja. Basi Marta, aliyeishi vema siku zote, na Maria, aliyetubu, walikaa chini ya paa moja wakampokea Yezu pamoja. Ndivyo alivyotaka Padri Lataste. Nyumba za kuwapokea wanawake walioanguka zilikuwako tangu zamani, lakini ndani yake mtubu alibaki mtubu, na watawa walikaa mbali naye kwa mavazi na kwa cheo. Betania, baada ya kujaribiwa kwa muda mrefu, waliotoka gerezani na wale wasiofungwa kamwe walikuwa dada wa familia moja, wenye vazi moja. Hakuna aliyeruhusiwa kumwuliza mwenzake habari za zamani. Mgeni akiingia, hakuweza kujua huyu ni nani na yule ni nani.

Wengi walinung'unika. Hata katika familia ya Wadominikani wako walioogopa kwamba vazi lao litadharauliwa. Padri Lataste alivumilia. Hakuishi sana: alikufa tarehe 10 Machi 1869, mwenye miaka 36 tu. Lakini kazi yake haikufa. Hata leo Masista wa Betania wako, nao wanaendelea kuwatembelea wafungwa. Tarehe 3 Juni 2012, mjini Besançon, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Neno la kushika

Ni kweli, Betania haikuweza kuwapokea wote. Si kila mwanamke wa Cadillac aliitwa utawani. Wengi walirudi mijini na vijijini kwao. Kwa hao Betania ingekuwa nani? Ingekuwa jirani, ndugu, bwana mwenye duka, mama wa parokia. Ndiyo sababu habari hii yatuhusu sisi.

Kumtengeneza mfungwa kunaanza siku anapokuwa bado ndani. Anayemtembelea, anayempelekea salamu za watoto wake, anayemwambia, «Tunakungoja,» huyo ameanza kumfungulia mlango. Ufundi anaofundishwa ni mwema. Akiba ni njema. Lakini atakapofika nyumbani, asiwekwe benchi la nyuma kama mwenye ukoma. Apewe kazi, hata ndogo, na mshahara wa haki. Wazee wapatanishe kati yake na wale aliowakosea, maana waliokosewa nao wana haki ya kuponywa. Kisha watu wanyamaze juu ya kosa lake, hata siku ya ugomvi, siku ambayo ulimi unawasha.

Hakimu alihesabu miaka ya adhabu, na hesabu hiyo imekwisha. Sisi tusimwongezee mingine.