Nani Anamsomesha Mlinzi wa Mtoto?

Desemba ya mwaka 1873, mama mmoja wa kanisa aitwaye Etta Wheeler alipanda ngazi za nyumba ya wapangaji katika mtaa wa makabwela jijini New York. Majirani walikuwa wamemweleza kuwa ndani ya nyumba hiyo kuna mtoto anayepigwa kila siku. Ili apate kuingia, alibisha hodi kwa kisingizio cha kumwombea msaada mgonjwa wa chumba cha jirani. Alimkuta Mary Ellen Wilson, binti wa miaka tisa mwenye umbo la mtoto wa miaka mitano, akiwa hana viatu katika baridi kali na amevaa gauni lililochanika. Mtoto alikuwa akiosha vyombo kwenye beseni lililowekwa juu ya kigoda, akihangaika na kikaango kinachomshinda uzito. Mezani palikuwa na mjeledi wa ngozi iliyosokotwa, na alama zake zilionekana mikononi na miguuni mwake.

Wheeler alizunguka huku na huko akitafuta msaada. Polisi walitaka ushahidi, mashirika ya hisani yakasema hayana mamlaka. Mwishowe alimwendea Henry Bergh, mwasisi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, na Aprili 1874 shauri likafika mahakamani. Mlezi wa mtoto huyo, Mary Connolly, alifungwa mwaka mmoja. Mary Ellen alilelewa na ndugu wa Wheeler, akaolewa, akazaa, na akaishi hadi mwaka 1956. Kesi yake ilizaa chama cha New York cha kuzuia ukatili kwa watoto.

Wheeler hakuwa na mafunzo ya kazi hiyo wala mamlaka ya kisheria, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kupokea taarifa yake. Mtoto aliokolewa kwa ujasiri wa mtu mmoja na bahati ya kumpata Bergh. Historia ya ustawi wa watoto nchini Marekani tangu siku hizo ni historia ya kutafuta namna ya kuiondoa kazi hii mikononi mwa bahati. Ndani yake limekuwamo swali moja la fedha ambalo hata sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulijibu: nani atalipa ada ya mtu atakayebisha hodi kwenye nyumba ya namna hiyo?

Kabla ya Mary Ellen, jibu lilikuwa hisani. Mwaka 1853 mchungaji Charles Loring Brace alianzisha Shirika la Misaada kwa Watoto jijini New York. Mwaka uliofuata shirika lilianza kuwapakia watoto wa mitaani kwenye treni kwenda kwa wakulima wa majimbo ya magharibi. Hadi safari hizo zilipokoma mwaka 1929, watoto wapatao 200,000 walikuwa wamesafirishwa. Wengine walipata wazazi wema, wengine wakawa vibarua wa shambani wasiolipwa. Mawakala waliopaswa kuwatembelea baada ya kupangiwa nyumba walikuwa wachache mno kwa umbali na idadi ya watoto waliokabidhiwa.

Kufikia mwisho wa karne ya 19, wanawake waliokuwa katikati ya kazi hii walikwisha kuona kuwa huruma peke yake haitoshi. Jane Addams alikuwa amefungua Hull House jijini Chicago mwaka 1889. Mwaka 1897 Mary Richmond alisimama mbele ya mkutano wa taifa wa mashirika ya hisani akadai chuo cha kuwafundisha watenda kazi, na mwaka uliofuata New York ikapata kozi ya wiki sita wakati wa kiangazi. Kozi hiyo ilikua ikawa chuo, na baadaye kikaingia Chuo Kikuu cha Columbia.

Mkono mtupu haulambwi, na vyuo hivyo havikuwa vya bure. Waliosoma wengi walikuwa mabinti wa familia zenye uwezo. Kijana aliyekulia katika mtaa uleule unaotembelewa na watu wa ustawi hakuwa na njia ya kuingia darasani. Shirika la National Urban League, lililoanzishwa mwaka 1910, lililiona pengo hilo mapema. Chini ya George Edmund Haynes lilianza kuwafadhili vijana Weusi wasomee kazi za jamii, kisha warudi kuhudumia Wamarekani Weusi waliokuwa wakihamia mijini kwa maelfu. Mwaka 1920 chuo cha kazi za jamii cha Atlanta kikafunguliwa kwa ajili ya wanafunzi hao. Kanuni iliyowekwa hapo ilikuwa rahisi kueleweka: umma ukimlipia kijana ada, kijana naye ana deni la utumishi.

Serikali ya Marekani iliingia polepole. Mwaka 1912 Rais Taft alisaini sheria ya kuanzisha Ofisi ya Watoto, na Julia Lathrop, aliyekuwa ametoka Hull House, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza ofisi ya serikali kuu ya ngazi hiyo. Bajeti yake ya mwanzo ilikuwa dola 25,640. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ndio ulioifungua hazina. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935 ilitenga dola milioni 1.5 kwa mwaka kwa huduma za ustawi wa watoto, hasa vijijini. Majimbo yalipoanza kuajiri yaligundua kuwa kuna kaunti zisizo na hata mtu mmoja aliyesomea kazi hiyo. Sehemu ya fedha ikatumika kuwapa watumishi likizo ya masomo, wakasome na kurudi kwenye vituo vyao.

Baada ya vita kuu ya pili ikaonekana jinsi ufadhili unavyoweza kuielekeza taaluma nzima. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 1946 ilileta fedha nyingi za kuwasomesha watu wa kazi za jamii wanaotaka kufanya kazi hospitalini na kwenye kliniki za akili. Vyuo vikazifuata fedha, na wanafunzi wakavifuata vyuo. Ustawi wa watoto ukabaki nyuma, ukifanywa na watu wenye moyo lakini wasiofundishwa, wakati ambapo mzigo wake ulikuwa karibu kuongezeka kuliko wakati wowote.

Mwaka 1962 daktari Henry Kempe na wenzake walichapisha makala ya kitabibu kuhusu watoto wanaofikishwa hospitalini na mifupa iliyovunjwa na walezi wao. Ndani ya miaka mitano karibu kila jimbo lilikuwa na sheria inayowataka madaktari watoe taarifa. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge liliongeza fedha za kuwasomesha wafanyakazi wa ustawi, serikali kuu ikibeba asilimia 75 ya gharama. Sheria ya mwaka 1974 ikaongeza wajibu wa kutoa taarifa na kuzichunguza. Simu zikawa nyingi, mafaili yakarundikana, na majimbo mengi yakalegeza masharti ya elimu ili yajaze nafasi haraka. Uchunguzi wa taifa uliochapishwa mwaka 1988 ulikuta kuwa asilimia 28 tu ya wafanyakazi wa kesi za watoto walikuwa na shahada ya kazi za jamii.

Mlango uliokuja kurekebisha hali hiyo ulikuwa umefunguliwa Juni 1980, Rais Jimmy Carter aliposaini sheria ya kuasili na ustawi wa watoto. Sheria hiyo iliongeza Sehemu ya IV-E katika Sheria ya Hifadhi ya Jamii ili kugharimia malezi ya kambo. Ndani yake mlikuwa na kifungu kuhusu mafunzo: serikali kuu ingelipa senti 75 za kila dola inayotumika kuwaandaa watumishi wa sasa na wale wanaojiandaa kuajiriwa, iwe kupitia vyuo au kwa kumpa mwanafunzi fedha moja kwa moja. Kwa miaka karibu kumi ni wachache walioitumia nafasi hiyo.

California ndiyo iliyoonyesha mfano mkubwa. Harry Specht, mkuu wa shule ya kazi za jamii katika Chuo Kikuu cha Berkeley, alilalamika hadharani kuwa vyuo vimewaacha maskini na kuwaandaa vijana wawe washauri wa nafsi kwa wateja wenye uwezo wa kulipa. Mwaka 1990 wakuu wa vyuo na wakurugenzi wa ustawi wa kaunti waliunda umoja mmoja, uitwao CalSWEC, na muda si mrefu fedha za IV-E zikaanza kuwafikia wanafunzi. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa uzamili anayesoma muda wote alipewa dola 18,500 kwa mwaka. Mtumishi wa kaunti aliyesoma huku akifanya kazi alilipiwa ada, vitabu na nauli. Wote walifanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi za watoto, wakiandamana na maafisa wazoefu majumbani na mahakamani. Mkataba ulisema wazi kuwa kila mwaka wa ufadhili hulipwa kwa mwaka mmoja wa kazi ya kulinda watoto kwenye ofisi ya umma. Anayekimbia mkataba hurudisha fedha. Majimbo mengi yalijenga mipango ya aina hiyo.

Faida yake inaonekana ukimtazama mtoto mwenyewe. Mwaka 2005 watafiti huko Milwaukee walichapisha hesabu ya watoto wa malezi ya kambo kwa kufuata idadi ya maafisa waliowashughulikia. Kati ya watoto waliokuwa na afisa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, asilimia 74.5 walipata makazi ya kudumu ndani ya kipindi kilichochunguzwa, ama kwa kurudi nyumbani au kwa kupata familia mpya. Waliobadilishiwa afisa mara moja walikuwa asilimia 17.5, na waliopitia mikono mitatu asilimia 5.2. Afisa anapoondoka huondoka na anachojua kuhusu familia: shangazi aliyekuwa tayari kumchukua mtoto, mama aliyekuwa ameanza kuacha pombe, mdogo mtu aliyetenganishwa na dada yake. Afisa mpya anaanza kusoma faili upya huku mtoto akisubiri. Miaka miwili kabla ya hapo, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikuwa imeripoti kuwa kati ya asilimia 30 na 40 ya watumishi hawa huacha kazi kila mwaka.

Mpango wenyewe una kasoro, na anayetaka kuuiga azijue. Sehemu ya fedha za IV-E hukokotolewa kwa kuangalia ni watoto wangapi wa malezi ya kambo wametoka katika familia maskini, na kipimo cha umaskini kimegandishwa kwenye viwango vya mwaka 1996. Kadiri bei zinavyopanda, watoto wanaohesabiwa hupungua, na fedha nazo hupungua. Jimbo ambalo nusu tu ya watoto wake wanakidhi kipimo hubaki na senti 37 na nusu badala ya 75. Tena mkataba wa miaka miwili haumzuii mtu kuondoka mwaka wa tatu. Wahitimu wa California waliochunguzwa baada ya kumaliza deni lao la utumishi walitofautiana kwa mambo ya kawaida kabisa: waliobaki walikuwa na mshahara bora kidogo na msimamizi anayewasaidia, walioondoka walikuwa wamechoka. Ada humwingiza mtu kazini, mazingira ya kazi ndiyo yanayomweka.

Historia hii inatugusa kwa karibu sisi Watanzania. Tangu mwaka 2006 Chuo cha Ustawi wa Jamii cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, kilishirikiana na chuo cha Chicago chenye jina la Jane Addams kuwafundisha wasaidizi wa ustawi ngazi ya jamii, wakati UKIMWI ulipowaacha watoto wengi yatima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikampa afisa ustawi wa jamii kazi nzito: kupokea taarifa, kuchunguza, kuandaa ripoti kwa ajili ya mahakama na kumfuatilia mtoto huko alikopelekwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mzigo upo, na sheria inamtaja wa kuubeba.

Kijana wa Kigoma au Lindi anayesomea shahada ya ustawi wa jamii leo, akibahatika, anasoma kwa mkopo. Akiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wake, sawasawa na mwenzake aliyekwenda benki. Miaka atakayoitumia wilayani akiwatafuta watoto waliofichwa haipunguzi deni hilo hata shilingi moja. Nchi hii inaijua kanuni ya kusomesha kwa sharti la utumishi: katika miaka ya Ujamaa serikali ilisomesha bure chuo kikuu na kuwapangia wahitimu vituo vya kazi. Hatuhitaji kurudisha utaratibu wote ule ili tuitumie kanuni yake mahali inapohitajika zaidi.

Wabunge na wizara zinazohusika na ustawi na elimu ya juu waanze na jambo dogo linalopimika. Kila mwaka ambao mhitimu wa ustawi wa jamii anautumia kuwahudumia watoto katika halmashauri yenye upungufu, sehemu ya mkopo wake ifutwe, na halmashauri imhakikishie msimamizi mzoefu na usafiri wa kufika vijijini. Kiwango kisifungwe kwenye kipimo kitakachopitwa na wakati, kama ilivyotokea Marekani. Fedha hizo zihesabiwe kuwa sehemu ya gharama za kumlinda mtoto, kwa sababu ndivyo zilivyo, na zipangiwe fungu lake kwenye bajeti ijayo.