Samurai Saba

Mwezi wa Aprili 1954 watu wa Japani walianza kuiona sinema mpya ya Bwana Akira Kurosawa, jina lake Samurai Saba. Ilikuwa ndefu, karibu saa tatu na nusu. Tangu siku ile imepita miaka zaidi ya 70, na watu wangali wakiitazama. Sinema za vita ni nyingi, tena nyingine zina moto na kelele kuipita. Basi, mbona hii haikuzeeka?

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Ni mwaka 1586, na nchi imechoshwa na vita vya mabwana wenyewe kwa wenyewe. Wanyang'anyi 40 wanangojea mavuno ya kijiji kimoja wayachukue. Wanakijiji hawana fedha. Wanakwenda mjini kutafuta samurai wenye njaa, watakaokubali kupigana kwa ujira wa chakula tu. Askari hao wanapikiwa wali. Wenyeji wanakula uwele.

Sisi twaona nguvu ya sinema iko mahali pamoja hasa. Samurai wanagundua kwamba wanakijiji wameficha silaha na mavazi ya vita, waliyowavua samurai waliowaua walipokuwa wakikimbia. Wanakasirika sana. Ndipo Kikuchiyo, mtu wa kelele na kichekesho, anawageukia. Ni kweli, asema, wakulima ni waongo na wauaji. Lakini ni nani aliyewafanya hivyo, kama si ninyi mnaochoma vijiji na kunyang'anya chakula na wanawake? Hapo wenzake wanatambua kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima. (Karatasi ya ukoo aliyokuwa akijivunia, tena ya kuiba, ilionyesha kwamba ana umri wa miaka 13!)

Na tukumbuke historia. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi, ambaye naye hakuzaliwa katika ukoo mkubwa, aliamuru wakulima wote wanyang'anywe panga na bunduki. Tangu hapo mkulima akabaki mkulima. Kikuchiyo anaugonga mlango miaka miwili kabla haujafungwa.

Bunduki zilifika Japani kwa mikono ya Wareno mwaka 1543. Wanyang'anyi wanazo tatu. Katika wale saba wanakufa wanne, wote kwa risasi, hata Kyuzo, fundi wa upanga asiye na mfano. Vita vya mwisho vinapiganwa katika mvua na matope. Kurosawa alivipiga picha kwa kamera kadha pamoja, ndiyo maana farasi na watu wanatuangukia kila upande.

Mwaka 1960 Mmarekani John Sturges aliigeuza hadithi hii kuwa The Magnificent Seven, akaipeleka Mexico na kuwapa mashujaa bastola. Inapendeza, lakini kwetu haina uzito ule.

Mwishoni samurai watatu waliobaki wanasimama karibu na makaburi. Wanakijiji wanapanda mpunga kwa ngoma na nyimbo. Msichana aliyependana na samurai kijana anampita bila neno, anaingia majini kupanda pamoja na wenzake.