Madaktari Waliopita na Mmoja Aliyebaki

Ndugu msomaji, sisi vijana wa Gongoni tumezaliwa njiani. Miembe iliyojaa Tabora, wazee husema, ni kokwa walizotupa watu wa misafara. Njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipitisha pembe, shanga, bunduki na watumwa. Ilipitisha pia madaktari, na hao ndio nataka tuwazungumze leo. Sababu ni rafiki yangu mmoja wa mtaani. Amemaliza digrii ya udaktari, sasa anajiandaa kwenda kusomea ubingwa. Juzi kijiweni nilimwuliza: hivi shule ya udaktari kazi yake hasa ni nini? Tulibishana mpaka kahawa ikapoa.

Hebu tuanzie Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini. Mwaka 1872 David Livingstone alikaa pale kwenye tembe, kwanza pamoja na Stanley, halafu akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Watu wanamkumbuka kama mmisionari na msafiri, lakini alikuwa daktari aliyesomea Uskochi na kupata leseni mwaka 1840. Tatizo ni kwamba sanduku lake la dawa lilikuwa limeibwa mwaka 1867, walipotoroka nalo watu wa msafara wake. Daktari asiye na dawa, jamani, ana tofauti gani na sisi? Alifariki Mei 1873 huko Chitambo, katika Zambia ya leo.

Chuma, Susi na wenzao walipoubeba mwili wake hadi Unyanyembe, waliwakuta Waingereza wa msafara wa Cameron. Nao walikuwa na daktari wao, Dillon, wa jeshi la majini. Homa ilikuwa imemkamata yeye mwenyewe. Novemba ya mwaka uleule, akiwa njiani kurudi pwani, alijipiga risasi homa ikiwa imempanda kichwani.

Si kwamba watu hawa hawakusoma. Walisoma sana kwa wakati wao. Ila shule zao zilikuwa mbali na ugonjwa uliowaua watu wa huku. Wakati ule hata Ulaya hawakujua kwamba malaria huletwa na mbu. Ronald Ross aligundua mwaka 1897, na aligundua akiwa India, palipo na mbu na wagonjwa wenyewe, si London. Ndiyo maana baadaye Tabora ikawekewa kituo cha utafiti wa malale. Ugonjwa husomwa kwao.

Sasa mgeukie Adrien Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa kama mtumwa kupitia jangwa la Sahara. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria. Kardinali Lavigerie alikuwa na wazo: vijana wa Kiafrika wafundishwe udaktari, kisha warudishwe Afrika wakaishi na watu na kuwatibu. Atiman akapelekwa Malta kusoma. Mwaka 1888 akaja na msafara kutoka pwani, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Alikuwa kijana kama sisi, miaka ishirini na ushei.

Basi, hakuondoka tena. Alioa huko, akatibu huko, akazeeka huko, akafia huko mwaka 1956. Miaka 67! Wakoloni wa Kijerumani walikuja wakaenda, Wabelgiji wakapita wakati wa vita, Waingereza wakashika nchi, naye yuko palepale na wagonjwa wake.

Nilipomsimulia haya, rafiki yangu alitikisa kichwa. "Sawa," akasema, "lakini mtu mmoja si shule. Alipokufa, miaka 67 ya ujuzi ilikwenda wapi?"

Hapo alinibana. Kweli, mpango wa Malta haukudumu. Baada ya hapo kijana wa Tanganyika aliyetaka udaktari ilimbidi aende Makerere, kwenye shule iliyoanzia Mulago katika miaka ya 1920. Kijana wa Tabora angepanda treni hadi Mwanza, akavuka ziwa kwa meli hadi Uganda. Njia ilikuwa ndefu na nafasi zilikuwa haba. Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka walituachia madaktari 12. Kumi na wawili, nchi nzima! Daladala moja ingewatosha na viti vingebaki.

Ndiyo maana mwaka 1963 ni mwaka wa kukumbukwa, ingawa shuleni hatukuufundishwa sana. Mwaka huo ilifunguliwa Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu, mwaka 1991 ikawa chuo kishiriki pale Muhimbili, na mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kamili cha afya. Katika safari hiyo ilianza pia kufundisha madaktari bingwa hapahapa nchini. Na bingwa hufanya zaidi ya kutibu: anafundisha watakaomfuata, tena anauliza maswali ambayo kitabu cha Ulaya hakikuyauliza, kwa sababu mwandishi wake hakuwahi kulala Unyamwezi.

Kwa hiyo jibu langu, ndugu msomaji, ni hili. Shule ya udaktari ina kazi ya kuhakikisha kwamba daktari mmoja akifa, udaktari haufi naye. Livingstone alikuwa na ujuzi bila dawa. Dillon alikuwa na ujuzi uliotoka mbali na ugonjwa. Atiman alikuwa na moyo wa kubaki, lakini nyuma yake hakukuwa na darasa. Tukiviweka pamoja, dawa, utafiti, moyo na darasa, ndipo tutakuwa na kitu.

Rafiki yangu anaondoka mwezi ujao. Kijiweni nilimtupia swali la mwisho: "Ukishakuwa bingwa, utarudi Gongoni?"

Alikunywa kahawa yake iliyopoa, akatazama barabara. Hakujibu. Nami sikumlaumu, maana barabara ile imezoea watu wanaopita. Lakini nimeliandika swali hapa, ili akilisoma huko aliko, ajue bado tunamsubiri na jibu.