Amri Ndani ya Nyaya: Jinsi Nyumba Zilizokwisha Kujengwa Zilivyoanza Kujiendesha

Historia ya nyumba janja, yaani nyumba ambamo taa, mitambo ya joto na vifaa vinginevyo huwaka na kuzimika kwa amri ya mtambo pasipo mtu kugusa swichi, huelezwa mara nyingi kana kwamba ni tawi tu la historia ya kompyuta. Maelezo hayo huacha nusu ya habari, na pengine nusu iliyo nzito zaidi, kwa kuwa watu wengi waliotaka kuwa na utaratibu huo walikuwa tayari wakiishi katika nyumba zilizokamilika, zenye kuta zilizopigwa lipu na nyaya zilizofukiwa humo na mafundi ambao kwao swichi haikuwa na kazi zaidi ya kuunganisha umeme na kuukata. Kompyuta yenyewe ilikwisha kupatikana: mnamo 1966 Jim Sutherland, mhandisi wa kampuni ya Westinghouse, alikuwa na moja aliyoiunda nyumbani kwake Pittsburgh na kuiita ECHO IV, yenye uzito wa takriban kilo 360. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha amri kwenye taa ya chumba cha pili bila kuchimbua ukuta.

Jibu la kwanza lililoenea madukani lilitoka Uskoti. Kampuni ya Pico Electronics, iliyoanzishwa mwaka 1970 katika mji wa Glenrothes, ilikuwa ikibuni chipu za vikokotoo, na baadaye ikashirikiana na BSR, watengenezaji wa mashine za kupigia santuri. Mradi wake wa kumi, ulioanza mwaka 1975, uliitwa X10, na mwaka 1978 vifaa vyake vikaanza kuuzwa Marekani katika maduka ya Radio Shack na Sears. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza: kwa kuwa kila chumba kina soketi, na soketi zote zimeunganishwa, nyaya zilezile zinazopeleka umeme zibebeshwe pia ujumbe.

Utekelezaji wake ulikuwa wa kijanja kwelikweli. Umeme wa majumbani ni wa mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na kila unapogeuka volti zake hushuka hadi sifuri kwa kitambo kidogo. Ni katika kitambo hicho, ambacho Marekani hutokea mara 120 kwa sekunde, ndipo X10 ilipopenyeza mlio wa umeme wa kilohezi 120 uliodumu milisekunde moja. Mlio uliofuatwa na kimya ulihesabiwa kuwa moja, na kimya kilichofuatwa na mlio kikahesabiwa kuwa sifuri. Kwa mwendo huo amri moja kamili ilichukua karibu sekunde nzima. Kifaa kilichochomekwa kati ya taa na soketi kilikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya kuzungushwa kwa bisibisi, kimoja chenye herufi kutoka A hadi P na kingine chenye namba kutoka 1 hadi 16, hivyo anwani zilizowezekana zilikuwa 256.

Hata hivyo, nyaya hizo hazikuwahi kukusudiwa kusema neno. Nyumba nyingi za Marekani hupokea umeme kwa njia mbili za volti 120 kutoka transfoma moja ya nje, na ujumbe uliotumwa katika njia moja ulifika katika njia ya pili ukiwa umechoka mno, au haukufika kabisa. Ndipo kukatokea kioja cha taa iliyotii amri pale tu jiko la umeme lilipowashwa, kwa sababu jiko, linalotumia njia zote mbili kwa pamoja, liliziunganisha na kuupa ujumbe mahali pa kuvukia. Televisheni na kompyuta zilimeza mlio huo. Majirani waliogawana transfoma waliweza kuwashiana taa iwapo walichagua herufi moja. Na kwa kuwa vifaa vya mwanzo havikujibu, mtambo uliotuma amri haukujua kama imetekelezwa.

Kikwazo kilichodumu kuliko vyote kilijificha ndani ya kisanduku cha swichi. Katika nyumba nyingi kongwe, waya wa moto tu ndio uliopitishwa hapo, huku nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, ikiishia darini penye taa. Swichi ya kawaida haihitaji nyutro, lakini swichi yenye chipu lazima ipate umeme wake hata taa ikiwa imezimwa. Wabunifu waliipatia umeme huo kwa kuupitisha kidogo kidogo ndani ya balbu yenyewe, jambo lililowezekana kwa balbu za waya mwembamba, lakini lililozifanya balbu nyingi za LED kumetameta gizani. Kanuni za umeme za Marekani zilianza kudai nyutro katika visanduku vya swichi kwa toleo la 2011, na zilihusu ujenzi mpya. Afrika Mashariki, iliyorithi desturi za Kiingereza za kufunga umeme, ina kikwazo hichohicho, na fundi asiyetaka kuchimbua ukuta huweza kukifunga kifaa juu darini, ambako nyutro ipo.

Mawasiliano ya redio, kama vile Z-Wave ya kampuni ya Zensys ya Denmark mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaliuepuka waya kwa kupokezana ujumbe kutoka kifaa hadi kifaa. Insteon, iliyotoka mwaka 2005, haikuuacha waya: ilituma ujumbe kwa redio na kwa nyaya za umeme kwa pamoja, na vifaa vyake viliweza kuzungumza na vile vya X10. Baadaye amri nyingi za wateja wake zikaanza kupitia kwenye seva za kampuni, na seva hizo zilipozimwa ghafla Aprili 2022, programu za simu zilikufa papo hapo, ilhali swichi zilizokuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe ndani ya nyumba ziliendelea kuwasha taa. Miezi michache baadaye kundi la watumiaji wa vifaa hivyo liliinunua Insteon na kuziwasha seva upya.